Herufi Ndogo

Mashine ya kukatia stika ilikuwa imefika katikati ya neno KARIBU pale binti alipoketi sakafuni. Hakuanguka. Aliketi taratibu, mgongo ukiegemea ukuta, kama mtu aliyekumbuka jambo akataka kulifikiria vizuri, kisha akamwambia baba yake kwamba leo kifua kimegoma kabisa. Kisu cha mashine kiliendelea kuchora juu ya plastiki nyekundu. Kilimaliza R, kikaanza I.

Baba yake alimwinamia akitaka kumwinua, asijue pa kumshika. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, lakini hiyo haikuwa habari. Ilikuwa inatetemeka kwa miaka kadhaa sasa, penye heri na penye shari.

"Baba," binti alisema, akivuta pumzi kwa mafungu, "ile alama nyekundu kwenye kompyuta. Ikikuuliza, iambie baadaye. Usimwamshe mlinzi mpaka nirudi. Atakula herufi zetu."

"Sawa, mama. Nyamaza sasa."

"Mpaka nirudi."

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyetoka mbio kusimamisha gari, akimwacha mteja wake kitini na kichwa kilichonyolewa nusu. Walimwingiza binti kiti cha nyuma, mama yake akaja mbio kutoka nyumbani na kiatu kimoja mkononi, wakaondoka. Nyuma yao mashine ilimaliza neno, ikarudisha kisu chake pembeni, ikatulia.

Majuma machache baadaye binti alirudi kweli, ila kwa namna ambayo hakuna mzazi aombaye kurudiwa. Simu yake ilikuwa imeibwa wodini, chini ya mto, mgonjwa mwenyewe akiwa ameulalia. Wanaume wa mtaa walimbeba mpaka makaburini, karani wa shule akiwa mbele upande wa kulia, kwa sababu alikuwa mrefu na jeneza halikupenda kukaa sawa.

Mtaani baba yake aliitwa Brashi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata na waliomheshimu. Alikuwa mwandishi wa mabango tangu zamani za rangi na makopo, wakati duka halifunguliwi mpaka Brashi apande ngazi aandike juu ya mlango. Herufi zake zilikuwa nene miguuni na nyembamba shingoni, na S yake ilikuwa na tumbo kidogo, kama mtu aliyeshiba bila kuzidisha. Watu hawakujua kwa nini wanazipenda. Walisema tu, muiteni Brashi.

Kisha mkono ukaanza kumsaliti. Kwanza mistari mirefu, baadaye hata nukta. Stika za kukatwa kwa mashine nazo zikaingia mjini, herufi za maduka yote zikawa ndugu wa baba mmoja. Brashi alikaa nyumbani akiwa na hasira na kila mlango aliopita. Aliyemtoa nyumbani ni binti yake. Alijifunza kompyuta, akanunua mashine iliyokwisha tumika, kisha akakaa na picha za mabango ya zamani ya baba yake, akazifuata herufi kubwa moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaingia ndani ya programu. Siku mashine ilipokata ile S yenye tumbo, Brashi alitoka nje akajifanya anatafuta kitu barabarani.

Herufi ndogo zilikuwa shida nyingine. Mabango yake yote yalikuwa ya herufi kubwa, na ndogo hazikuwa na picha. Basi binti, kifua kikiwa tayari kimeanza kumsumbua, alimkalisha baba yake mbele ya kipande cha kioo, akampa brashi, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili. Mzee aliandika, binti akabana. Waligombana kidogo. Mzee alilalamika kwamba anabanwa kama mwizi, naye akamjibu kwamba mwizi angeandika vizuri zaidi. Kila herufi ilipotulia, aliipiga picha kwa simu, akaiingiza kwenye kompyuta, kisha wakafuta kioo wapate kuandika nyingine. Alipomaliza, alizihifadhi mahali pake peke yake, akapaita Mkono wa Baba. Hazikuwahi kukatwa hata moja.

Ile programu, kusema kweli, haikuwa yao. Ilikuwa ya kuokotwa kwenye intaneti, bila ruhusa ya mwenyewe, kama wafanyavyo wengi wenye kazi nyingi na mfuko mwepesi. Kompyuta yenyewe ilizaliwa na mlinzi wake wa virusi ndani, na kila binti alipoiingiza programu mlinzi aliitupa nje. Walishindana siku nzima. Mwishowe binti akaingia ndani ndani ya mashine, mahali ambapo watu wa kawaida hawaendi, akaandika amri ya kumlaza mlinzi usingizi. Alimweleza baba yake kwamba si kwa muda mrefu. Angetafuta programu ya halali, azihamishe herufi, halafu amwamshe mlinzi wa watu aendelee na kazi yake.

Kwa hiyo, baada ya mazishi, Brashi alifungua karakana akawa anafanya kama alivyoambiwa. Asubuhi aliwasha kompyuta. Alama nyekundu ilijitokeza pembeni ikionya kwamba mashine haina ulinzi. Brashi alisogeza kidole chake kinachocheza, akabonyeza baadaye. Hakufanya hivyo kwa uvivu. Ilikuwa ndiyo amri ya mwisho aliyopewa na mtoto wake, na yeye ambaye hakuwahi kumtii mtu, si baba yake wala mwajiri, aliitii hiyo kama mtoto wa shule.

Kazi alijifunza kidogo kidogo. Herufi kubwa alizikata kila siku. Herufi ndogo hakuzigusa. Alikwisha amua zitafanya kazi gani kwanza. Alikuwa amechonga ubao mgumu wa kuweka kaburini, ameupiga msasa na rangi nyeupe. Juu lingekaa jina la binti kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, mstari mmoja tu: aliushika mkono wangu. Alisubiri ardhi ishuke kwanza, kama ishukavyo, ubao usije ukainama. Mkewe alimuuliza mara kwa mara. Yeye akajibu kwamba zipo, haziozi.

Halafu malalamiko yakaanza. Wateja walileta michoro yao kwenye flashi, Brashi akazichomeka, akakata stika, akawarudishia. Wakifika kwao wanakuta mafaili yao yamefichwa, mahali pake pamekaa mengine yenye majina yaleyale, na ukiyafungua ndipo ugonjwa unapoingia kwenye kompyuta ya pili. Mwenye duka la dawa alilalamika kwa upole. Fundi cherehani akalalamika bila upole. Kinyozi, ambaye hakuwa na flashi wala kompyuta, alisema siku hizi ukipita karibu na Brashi usikohoe, unaweza kupoteza picha za harusi.

Karani wa shule ndiye aliyekuja mwenyewe na flashi mkononi, ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Alikuwa ameleta mchoro wa bango la lango, na kwenye flashi hiyohiyo ilikuwamo mitihani ya muhula mzima. Sasa mitihani haifunguki, kompyuta ya ofisi imeugua, na mwalimu mkuu hamtazami usoni. Aliyasema haya kwa sauti ya chini, akiwaangalia wateja wengine wawili kwa haya. Aliomba tu Brashi aikague mashine yake.

Brashi alikuwa anabandua stika. Hakuinua macho.

"Ugonjwa umeuleta wewe," alisema. "Flashi yako inazurura kama mbwa asiye na mwenyewe, kisha unakuja kutukana mashine ya marehemu."

"Sijatukana, mzee wangu."

"Mashine ya binti yangu ni safi. Toka."

Karani alisimama kidogo. Pengine alitaka kusema kitu kuhusu siku ile ya makaburini, kuhusu bega lake. Aliweka flashi mfukoni akatoka, na wale wateja wawili wakaangalia sakafu. Mmoja akakumbuka ana haraka.

Brashi alisimulia kisa hicho nyumbani jioni, akijitetea kabla hajashtakiwa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema hajui kompyuta, lakini anajua nyumba ambayo kila mgeni anaondoka akiumwa tumbo, na huko hawalaumiwi wageni. Kesho yake, bila kumuuliza, alimwendea Waya.

Waya alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke mnene, mcheshi, aliyesoma darasa moja na binti yao. Aliitwa hivyo kwa sababu mkoba wake haukufungika kwa wingi wa nyaya. Alifika karakana akamwamkia mzee, akavuta kiti, akasema amekuja kumsalimia mgonjwa. Brashi alimwambia hapa hakuna mgonjwa. Waya alijibu kwamba hata hospitali wengi husema hivyo getini. Brashi alimgeuzia mgongo, naye Waya akajua amegusa pasipoguswa.

Aliwasha kompyuta. Alama nyekundu ikatokea. Mkono wa Brashi ulikuwa tayari njiani kwenda kuifunga, Waya akauzuia kwa upole, akaibonyeza yeye. Ukafunguka ukurasa wenye ngao na swichi moja iliyopauka. Aliisukuma, haikusogea. Juu yake palikuwa na maneno ya Kiingereza.

"Yanasema nini?" Brashi aliuliza.

Waya aliyafuata kwa kidole. "Yanasema huwezi kubadilisha hapa. Mpaka msimamizi wako."

"Msimamizi gani?"

"Aliyeifunga, baba. Mwenye mashine."

"Basi mwambie..." Brashi alianza, kisha akafunga mdomo.

Nje kinyozi alikuwa anabishana na mtu kuhusu ndevu.

Waya ndiye aliyeanza tena kuzungumza, na safari hii hakutania. Alieleza kwamba anaweza kwenda kuitafuta ile amri aliyoiandika marehemu, aifute, awashe mashine upya, na mlinzi ataamka. Akishaamka ataikamata programu, hapana mjadala. Herufi kubwa, zilizofungwa ndani yake, zitakwenda nayo. Ila zile ndogo, kama ni picha tu zimehifadhiwa pembeni, hazina kosa lolote. Mlinzi hali picha. Wanaweza kuzitoa hata sasa, wakaziweka mahali pengine.

"Mwanangu alisema atazila."

"Alikuwa anaogopa, baba. Hakutaka kubahatisha. Twende tukazitazame."

Brashi alisogeza kiti. Tangu mazishi hakuwa amepafungua mahali pale. Alimwonyesha Waya kwa kidole, naye akabonyeza Mkono wa Baba.

Vilikuwamo vitu, tena vingi, lakini majina yake yalikuwa yamegeuka takataka, alama na namba zilizosukumwa pamoja kama watu kwenye mlango mwembamba. Waya alifungua kimoja. Kikakataa. Akafungua kingine, kikakataa. Alijaribu njia nyingine, akachomeka kitu chake, akajaribu tena, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyopunguza kupumua kwa sauti. Brashi alikuwa anasubiri a. Alijua a ingekuwa ya kwanza. Waliiandika siku ya kwanza ya magomvi yao.

"Zimefungwa na ugonjwa," Waya alisema hatimaye. "Zimevurugwa ndani. Hata nikizifungua, hamna kitu."

"Lini?"

Waya aliangalia tarehe. Ilikuwa mwezi uliofuata mazishi, kabla ya karani, kabla ya mwenye duka la dawa. Asubuhi zile zote ambazo Brashi alikuwa anabonyeza baadaye, tayari alikuwa analinda chumba kitupu.

"Mlinzi angekuwa macho, angezuia?"

"Labda," Waya alisema, na wote wawili walijua hilo ni neno la kumfunika mtu asipigwe na baridi.

Brashi aliinuka akaenda kusimama mbele ya ule ubao mweupe. Aliugusa ukingoni, pale msasa ulipopita vizuri. Waya alimwambia, akiwa bado ameelekea kioo cha kompyuta, kwamba programu ingali inafunguka, na kama kuna jambo anataka kulikata kwa zile herufi kubwa, alikate sasa, maana baada ya hapa hakuna tena. Mzee alirudi akaketi. Aliandika jina la binti yake kwa kidole kimoja, akikosea, akifuta, akirudia. Mashine ilianza. Alipolibandua jina kutoka kwenye plastiki, Waya alimshikia upande mmoja. Waliliweka ubaoni likakaa sawa, jeusi juu ya nyeupe, nene miguuni na jembamba shingoni.

Baada ya hapo Waya aliingia ndani ndani ya mashine. Aliikuta amri. Ilikuwa mstari mmoja mfupi. Alimuuliza Brashi kama anataka kuiona, naye akasema hapana. Akaifuta. Kompyuta ilizimika, ikawaka, na ile swichi ikapata rangi. Mlinzi aliamka na njaa. Waya alimpa intaneti kutoka simu yake ili ajifunze magonjwa mapya yaliyozaliwa akiwa usingizini, kisha akamwachia apekue kila kona.

Upekuzi ulichukua muda mrefu. Waya alikunywa chai, akasimulia habari za watoto wake, akaishiwa habari. Orodha ya yaliyokamatwa ilikua, na alipoisoma kutoka chini kwenda juu alifika kwenye lile la kwanza kabisa, akaegemea mbele. Alisoma mara mbili. Lilikuwa ndani ya programu yenyewe, limejikunja humo tangu siku ilipookotwa, likisubiri siku yake. Flashi hazikuwa zimeleta kitu. Zilikuwa zimebeba tu.

"Wahenga walisema kikulacho..." Waya alianza, na hapohapo akatamani kuyameza.

Brashi hakuwa mjinga. Alimwomba amwonyeshe tarehe. Aliikumbuka siku hiyo vizuri, kwa sababu binti alikuwa amecheza katikati ya karakana, programu ilipokubali, akamzungusha baba yake mpaka wakaangusha kopo.

"Mama yake asijue," alisema.

"Nimwambie nini? Ndiye aliyeniita."

"Sema ni flashi za watu."

"Za nani, baba?" Waya aliuliza polepole. "Mtaani anatajwa karani wa shule."

Mzee alitazama vidole vyake vikicheza juu ya goti, kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyeketi karibu.

"Sema ni mimi, basi. Sema mzee alibonyeza asilolijua."

"Baba, hilo si kweli."

"Wewe ulikuwa rafiki yake au hukuwa?"

Waya alianza kukusanya nyaya zake. Mkewe Brashi aliingia wakati huo na sahani iliyofunikwa, akauliza imekuwaje. Brashi mwenyewe ndiye aliyejibu, haraka, kama anayetaka kulimaliza. Alisema alishikwa na tamaa ya kuchezea mitambo, akabonyeza mahali, ugonjwa ukaingia, umekula herufi ndogo zote. Waya aliangalia mkoba wake. Mkewe aliweka sahani juu ya meza, akaifunua, akaifunika tena.

"Nilijua," alisema. "Mkono wako huo haujawahi kuacha kitu kizima. Mtoto alikuachia kitu kimoja. Kimoja tu."

Aliondoka bila kusema anakwenda wapi. Waya alitaka kumfuata, Brashi akamwambia amwache.

Siku iliyofuata alivaa shati safi akaenda shuleni. Karani alimpokea mlangoni, akampa kiti, kwa adabu ileile. Brashi alimweleza kwamba mashine yake ndiyo iliyokuwa na ugonjwa, kwamba ni yeye aliyemlaza mlinzi usingizi kwa ujinga wa uzee, na kwamba binti hakuhusika, alikwisha lala siku nyingi. Hilo la mwisho karani hakuwa ameliuliza. Alimtazama mzee kwa muda, akasema yamepita, sote ni binadamu. Mitihani walikuwa wameiandika upya. Wakati wa kuagana alimsindikiza mpaka langoni. Hapo Brashi aliona bango jipya limekwisha bandikwa. Lilikatwa kwingine. S yake ilikuwa nyembamba, haina tumbo.

Siku hizi mteja akileta flashi, Brashi huichomeka na kumwomba asubiri mlinzi aikague kwanza. Wengine hunung'unika, wengine hukaa kwa kinyozi. Programu aliyonayo ni ya halali, Waya aliipata bila malipo, na herufi zake ni zile za maduka yote. Hakuna mteja aliyeuliza herufi za zamani zimekwenda wapi.

Ubao bado uko karakana, umeegemezwa ukutani, jina juu, chini peupe. Mkewe akileta chakula huupa mgongo. Mkono wa Brashi hutulia kidogo saa za alasiri, kwa hiyo huandika alasiri. Huchovya brashi, huandika a pale peupe, huitazama, kisha huchukua kitambaa kabla rangi haijakauka.